Mulasi Alipomwachia Asende Gita

Mjukuu wangu Riziki,

Amani ikufikie huko Lubumbashi. Bibi yako ni mzima, na mihogo imeota vizuri. Umeuliza kama mvunje kikundi chenu kwa sababu mpiga gita ameondoka.

Miaka ya utawala wa chama kimoja, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, nilipiga ngoma katika kikundi cha muziki kilichoitwa Radi. Spika yetu ilikuwa imechanika. Bamama wa sokoni walisema tunasaga mawe, lakini vijana walitupendea kelele hiyo. Waimbaji wawili walikuwa wameshaondoka, kisha Mulasi, mpiga gita, akapata kazi Kalemie. Desturi ya kikundi ilikuwa anayeondoka amfundishe kwanza anayeingia, kwa hiyo Mulasi aliacha boti ya Kalemie ipite ili amfundishe Asende, fundi cherehani. Asende angeshindwa, Radi ingekufa.

Asende alipiga kwa nguvu, nyuzi zikalia kama bati linalopasuliwa.

"Mi sipigake vile," Mulasi akasema.

"Basi unionyeshe tena, yaya," Asende akasema, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

Mulasi akacheka. "Hapana, mudogo wangu. Piga vile vile. Hata mi sikujua gita yangu iko na sauti ile."

Boti iliyofuata aliipanda mikono mitupu. Gita lilibaki kwa Asende, na Radi ikaendelea kunguruma.

Wasalimie wenzako wote, na atakayeingia pia.

Babu yako