Roulage Ndani ya Kifua Changu

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa 10, 2025
Mutoto wetu Laetitia ametuma ujumbe toka Kinshasa, mama yake, bibi yangu Émérance, akanisomea. Eti kilango cha moyo yangu hakifungi, damu inarudi nyuma. Hiyo najua. Lakini sasa — nipelekwe Inde, kwa Wahindi, roboti ndiyo inifanyie operasio! Roboti nimeiona Lubumbashi, kwenye rond-point, pale barabara zinakutana. Bati tupu. Inainua mukono, magari inasimama. Roulage, polisi wa barabara! Ndiyo inipasue mimi? Mutoto amekuwa kichaa.

Jumatano, 8
Nimeenda hospitali kugombeza munganga François. Alicheka mpaka akavua miwani. Eti si ile ya roulage. Hii iko na mikono myembamba, inapita kwa matundu madogo kati ya mbavu, munganga anakaa pembeni anaiongoza na vidole. Na haitetemeke. Kwani mi natetemeka? Mi fundi wa charahani namba moja, toka Kasongo mpaka Nyangwe! Mavazi ya mapadri nilishona mimi. Nikatoka bila kuaga. Nilipumzika mara tatu njiani. Jua ilikuwa kali.

Ijumaa, 10
Sikukula. Nilisema tu moyo ya mutu inatengenezwa na mukono ya mutu. Bibi yangu Émérance akaweka sahani chini. Mbele ya wateja!
"Muzee, miaka makumi ine unaambiaka watu: mukono inapotosha, mashine haipotoshe. Leo mashine imekosa nini?"
Rehema, ile bibi-harusi namushonea nguo ya arusi, alicheka kushinda wote. Hatapata nguo yake.

Jumapili, 12
Nimemaliza nguo ya Rehema. Si kwa kumuogopa. Nilikanyaga charahani kidogo, pumzi ikaisha. Émérance akavuta kiti, akakanyaga yeye. Mi vidole tu, kuongoza kitambaa. Mushono umenyooka kama rula. Akakata uzi, akauweka mushono mbele ya macho yangu. Bibi mubaya!

Jumatatu, 13
Motari wa pikipiki wa kunipeleka kwenye ndege anapiga honi. Angoje. Mi sijakubali! Nimeambia Laetitia kwa telefone: naenda kuangalia mushono yao tu, nikiona mubaya narudi. Sindano yangu na uzi mweusi iko mufukoni.
Kiatu cha kuume nimevaa. Cha kushoto — nimeinama mara mbili, pumzi inakatika. Émérance amepiga magoti mbele yangu, ameshika kamba, anauliza afunge ao aache.
Honi tena.
Nimemuambia Émérance: funga tu, mi bado naandika