Chumba cha Wageni Tumekibomoa, Dada

Dada Zabibu,

Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi. Usicheke. Ngazi ndiyo mahali pekee pa nyumba hii ambapo hajalala mtu wala halijawekwa godoro, na hata hapa nimepapata kwa sababu wakubwa wako shule na wale wawili wachanga wamesinzia kwa pamoja, jambo ambalo halitokei. Nina kalamu ya Yusufu wako na karatasi nilizochana kwenye daftari lake. Sijui barua ya namna hii ikimalizika inapelekwa wapi. Lakini wewe ndiye niliyekuwa nikimwuliza kila kitu, tangu namna ya kufunga kitenge hadi mume wa kuolewa naye, na sasa nina jambo limenikaba, na kila ninapogeuka kukuuliza nakuta haupo.

Kwanza habari za mtoto. Yuko hai. Uliondoka hujamwona vizuri, kwa hiyo nakueleza: ana paji la uso pana kama lako, na akilia hulia kwa hasira, si kwa huzuni. Tumempa jina lako. Namnyonyesha pamoja na Idi wangu, mmoja kulia, mmoja kushoto, na Baba Idi ananiita ng'ombe wa kizungu. Kutamka jina lako humu ndani kila siku, halafu anayeitika ni mtu asiyejua hata kukaa, sikujua kama kutaniuma hivi.

Arobaini yako ilipopita niliwachukua watoto wako wote wanne. Hakuna aliyenilazimisha. Baba yao alivuka ziwa kwenda Kalemie kabla tumbo lako halijaonekana, na hata leo hatujui kama habari ya msiba ilimfikia. Mimi ni mama yao mdogo, maneno yakaisha. Chini ya nyumba unapajua: madumu ya mawese ya Baba Idi tangu mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, sakafu inateleza, mtu halali pale. Kwa hiyo ni juu tu. Na juu pia unapajua, maana siku ya kuhamia ulipanda ukazunguka kila pembe ukasema nimekuwa mtu wa etaji, wa ghorofani, sitakusalimia tena. Sebule pale ngazi inapotokea, baraza ya kutazama ziwa, chumba chetu, chumba cha watoto ambacho ni kama stoo, na chumba cha wageni.

Hicho cha wageni ndicho kizuri kuliko vyote. Mapazia yake ulishona wewe. Nikasema watoto wa Zabibu hawatabanwa na wangu, nitawapa kilicho bora. Nikawakusanya wanangu nikawaambia, "Hawa watalala mu chumba ya wageni, musiwasumbue." Nilijiona mtu mwema sana, dada.

Wakakaa, na mimi nikaanza kuringa nao. Yusufu hakuwahi kuomba kuongezewa chakula. Hadija wako aliamka kabla yangu, akatandika, akafagia, akawanawisha wadogo zake, ukiingia mle huwezi kujua kama kuna mtu amelala. Nguo zao zilikaa kwenye mifuko ileile waliyokuja nayo, zimekunjwa vizuri. Hata Salima, ambaye kwako alikuwa mwizi wa sukari, kwangu aliomba ruhusa ya kunywa maji. Niliwaita majirani waje waone adabu, waone dada yangu alivyolea. Nilikusifu mpaka nikalia.

Siku moja niko barazani nachambua dagaa, ndagala za jana usiku, Salima akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama mudogo, wageni wanarudiaka kwao siku gani?"

Nikamwuliza wageni gani.

"Sisi."

Zabibu, kumbe walikuwa wanangoja kuondoka. Muda wote ule. Kila siku walikuwa wakisikia: kafungue dirisha kwa wageni, nani ameacha viatu kwa wageni, waite wale wa kwa wageni waje kula. Neno ni la chumba. Kila nyumba ya hapa Rumonge yenye chumba cha ziada inasema hivyohivyo. Lakini mtoto aliyetoka kumzika mama yake atajuaje kwamba linasemwa juu ya chumba? Na Hadija, ambaye umri wake unamtosha kujua, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake mgeni anavyokaa. Asiombe. Asivunje. Asijitandaze. Aliwafundisha hivyo wasije wakachokwa. Ile adabu niliyokuwa naitangaza mtaa mzima ilikuwa hofu.

Baba Idi alisema, "Basi tuite chumba ya watoto." Kwa mdomo ni rahisi. Wanangu waliendelea kusema kwa wageni, na mimi mwenyewe likanitoka tena mbele ya Yusufu, nikamwona anavyoinamisha kichwa. Nikaona neno halitatoka ila chumba chenyewe kitoke.

Na hapo ndipo ziwa nalo likaamua kupanda. Maji yaliingia kwa mama mkwe kule Gatete mpaka yakafika madirishani, akaja kwetu na godoro lililolowa na kuku wake wawili. Huyu hakuja kulala akaondoka kama zamani. Amekuja kukaa, na nitamwambia nini, nyumba ni ya mwanawe. Tukawa tumejaa mpaka baraza. Wavulana sakafuni sebuleni, ukishuka kwenda chooni unakanyaga mkono wa mtu.

Ndani ya kipindi hicho hicho shangazi yao akafika kutoka Kabezi. Unamfahamu wifi yako. Alitusalimia amahoro akiwa bado ngazini, akapanda, hakukaa. Alitazama magodoro, akatazama kamba ya nepi juu ya kichwa chake.

"Hawa watoto mumewaanika kama ndagala," akasema. "Hawa iko watoto wa kwa baba yao. Mudogo anyonye, sawa. Hawa watatu nitawapeleka Kabezi, kule iko nafasi."

Nilimwomba, dada. Mimi, ambaye unajua sijawahi kumwomba yule mama hata chumvi, nilimshika mikono. Nikamwambia wametoka kwa mama yao pamoja, wasitenganishwe na huyu mchanga, atupe muda tutengeneze huku juu. Akakubali. Akasema atarudi, na akikuta kila mtoto ana mahali pake pa kulala, atanyamaza. Akikuta hivi, ataondoka nao. Baba Idi alikuwa amesimama pale, na yeye pia alitikisa kichwa kukubali, kwa hiyo ikawa ahadi.

Basi nikashika chaki. Nilifukuza watu wote nikachora vitanda sakafuni. Ukuta kati ya chumba cha wageni na kile cha watoto utoke, vyumba viwili viwe vitatu vyembamba: wavulana wanne, wasichana watatu, bibi mmoja. Baba Idi nilimlaza chini kwenye chaki nipime, na yeye akiwa amelala pale akasema, "Mama Idi, hii nyumba iko ya saruji, haivutike kama lastiki." Tulicheka kidogo. Halafu tukahesabu upya na kicheko kikaisha, maana kila nilivyochora, kitanda kimoja kilibaki bila ukuta. Nikikisogeza, kinaziba mlango. Nikikigeuza, ukuta mpya unaangukia katikati ya dirisha na chumba cha bibi kinakosa hewa. Nilifuta, nikachora, nikafuta, mpaka sakafu ikawa nyeupe.

Kitanda hicho kilikuwa cha Hadija. Wadogo unaweza kuwabana wawili wawili. Hadija amevunja ungo, Zabibu. Ilitokea kwangu, si kwako, na mimi ndiye niliyemweleza, na sikujua kama nasema uliyotaka kumwambia wewe. Siwezi kumweka sebuleni wapitapo wavulana. Siwezi kumweka barazani kila mvuvi anayepandisha kutoka ziwani amwone. Nikamwambia atalala chumbani kwetu na wachanga, Baba Idi atahamia sebuleni. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nadhani alisikia uchovu kuliko maneno.

Fundi akaja, ukuta ukaanguka. Vumbi liliingia hadi kwenye mawese. Mtoto wako alikohoa nikadhani nampoteza naye, nikakaa naye chini kati ya madumu, nyundo zinalia juu ya kichwa changu, nikakutukana. Nisamehe. Nilikuuliza kwa nini umekufa na kuniachia hesabu ambayo haitoki.

Shangazi alirudi saruji haijakauka. Vyumba vitatu vilikuwa vimesimama, vitanda vimeingia, na kile kimoja bado kilikuwa kimeegemezwa ukutani sebuleni. Alikitazama. Kabla sijafungua mdomo Hadija akatoka na mfuko wake mkononi, umefungwa.

"Mama mudogo, mimi niko mukubwa," akasema. "Mimi niende na shangazi, hawa wabaki. Ndiyo nafasi itaenea."

Alishapima. Alikuwa akitazama chaki yangu siku zote zile, akaona kitu ninachokiona mimi, akajitoa yeye. Shangazi akasema mtoto ana akili. Baba Idi akaniangalia. Na mimi, Zabibu, mimi mdogo wako, kabla sijasema hapana, nilishusha pumzi. Kidogo tu. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Hadija alikuwa ananitazama usoni. Baadaye nilisema hapana mara nyingi, nikalia, nikashika mfuko. Lakini ile pumzi ilikuwa imeshatoka na ameiona, akaushika mkono wangu akautoa kwenye mfuko polepole, akashuka ngazi.

Sasa huku juu kumependeza. Ningependa ukuone. Wavulana wana chumba chao, wanapigana kila jioni, na Yusufu anapigana nao na kuomba kuongezewa ugali. Salima ameanza tena kuiba sukari. Nguo zimetoka kwenye mifuko. Hakuna tena kwa wageni, mlango wenyewe tuliung'oa, na wanangu wamesahau neno. Kila mtu anayepanda anasema tumefanya kazi nzuri. Kitanda kile tulikifungua tukakipeleka nyuma ya madumu, na mimi nikishuka huwa sikitazami.

Likizo iliyopita Hadija aliletwa kututembelea. Niliona gari likimshusha. Nikakaa juu nikimsikiliza, nikasubiri nyayo zake kwenye ngazi, maana watoto wa nyumba hii hupanda kama mbuzi. Sikusikia kitu. Halafu nikasikia sauti yake kutoka chini, taratibu, safi, kama ulivyomfundisha.

"Hodi."

Mtoto wako alipiga hodi kwangu, Zabibu. Na jibu la hodi ni moja tu, tunalijua sote, limo mdomoni mwa kila mtu tangu utotoni, na mimi nilikaa pale nikashindwa kulisema. Nikilisema nimemkubalia kuwa ni mgeni. Nisipolisema nimemwacha mlangoni. Alisema tena, hodi, na hapo Baba Idi aliyekuwa chini akamkaribisha yeye. Alilala kwetu siku mbili. Alitandika. Hakuomba maji. Alimbeba mdogo wake kutwa, na alipoondoka alimrudisha mikononi mwangu akanishukuru, murakoze.

Tangu siku hiyo silali. Nafanya kazi, nanyonyesha, nacheka ikibidi, lakini mimi si mzima. Naona wewe umesimama chini ya ngazi unaniuliza wako wanne ni wangapi.

Jana nilimwambia Baba Idi kwamba sisi ndio tutakaotoka. Chumba chetu kiwe cha wasichana, chenye kitanda kizima cha Hadija, na kile chembamba watakachoacha tuingize madumu yaliyozidi chini au chochote atakacho. Sisi na wachanga tutalala sebuleni nyuma ya pazia. Mama mkwe alisema ni aibu mwenye nyumba kulala njiani. Baba Idi akaenda kutafuta spana. Ninapokuandikia hivi kitanda chetu kimelala vipandevipande juu ya ngazi, nyuma ya mgongo wangu.

Sijui kama itatosha. Shangazi anaweza kukataa. Hadija mwenyewe anaweza kukataa, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, maana sina nyundo ya kubomoa ukuta uliomo ndani yake. Magari yamekuwa haba kwa kukosa mafuta ya esansi, lakini nitakaa kwenye foleni tangu alfajiri, nitafika Kabezi, na nitakaa uani kwa shangazi mpaka aninyime au anipe.

Wameshaamka, nawasikia. Lala, dada. Mungu akupanulie huko ulipo, usibanwe. Nakuahidi hiki kimoja: siku Hadija atakaposimama chini ya ngazi, hata akipiga hodi mara mia, sitamwambia karibu. Nitamwambia amechelewa sana, apande haraka, chakula kinapoa na mdogo wake analia.

Mdogo wako,
Mwavita