Maneno ya Bandi

Kileleshwa

Njeri mjukuu wangu,

Hujambo huko Arusha? Sisi tuko sawa. Baba yako amepunguza chumvi shingo upande, na yule ng'ombe wa Limuru amezaa.

Unaniuliza kama uingie kwa hicho chama, kwa vile wameahidi kukupeleka bunge la Afrika Mashariki. Eti wanaupenda sana muungano. Hayo niliyasikia nikiwa msichana.

Nilikuwa fundi wa kushona pale River Road. Katibu wa chama kimoja cha siku hizo akaleta kitambaa cha mkutano, kwa sababu wageni wa Kampala na Dar es Salaam walikuwa wanakuja. Jina la chama alitaka lishonwe kwa mashine, mara mbili. Chini yake niweke "Nchi Tatu, Taifa Moja".

"Hayo piga bandi tu, dada," akasema.

Bandi ni ule uzi wa kushikiza. Ukiuvuta unatoka wote. Nilidhani ana haraka, nikamwonea huruma. Nikayashona kwa mashine pia, bure.

Wageni walipoondoka, alirudi na kitambaa amenuna. "Nani alikuambia uyashone hivi? Sasa yatatokaje?"

Nilishinda na wembe nikifumua Taifa Moja, yeye amesimama mlangoni akiangalia saa.

Sikukatazi, Njeri. Pengine hawa ni wengine. Lakini kabla hujaweka sahihi, vuta uzi kidogo uone.

Ni mimi Shosho wako. Ule wembe bado ninao.