Siumwi, Nimestaafu

Nyumba ya mwisho, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Ijumaa, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba goti lako halikusumbui tena kwenye zile ngazi za kazini. Sisi hatujambo. Mama hajambo kabisa. Jana kagombana na fundi bomba mpaka fundi akapunguza bei bila kuombwa mara ya pili. Mimi pia ni mzima. Hili la uzima nalisema mapema na nitalirudia, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Ujumbe wako niliupata Jumapili. Unaniuliza naumwa nini, na kama ni ugonjwa wa kuficha nikuambie wewe tu. Kaka, siumwi. Sijafukuzwa. Sijaiba mashuka ya hospitali. Wala hakuna mwanamume mwenye hela niliyemficha uvunguni. Nimeandika barua ya kustaafu kwa sababu nina miaka arobaini na mitano, nimechoka, na ninacho cha kunitosha. Basi.

Najua habari ulizipataje. Siku nilipopeleka barua, fundi cherehani wetu pale chumba cha kufulia, yule tunayemwita Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, alizipata kabla wino haujakauka. Kwake yeye, mtu wa mshahara kama wetu haachi kazi kabla ya sitini ila kwa kitanda au kwa jeneza. Akapitisha bahasha. Jumatano nikawakuta wenzangu wamejipanga kando ya mashine za kukaushia, nyuso chini, wana mchango wa matibabu yangu. Wale wale walioniita Birika miaka yote, eti nina mkono wa birika, wamechanga kutoka mshahara ule ule. Nililia, sikufichi, nao wakaona ndiyo dalili yenyewe. Ilinichukua nusu saa kumrudishia kila mmoja chake, na Mkasi mpaka leo ananisogezea kiti kila nikisimama.

Shangazi, ambaye najua ndiye aliyekufikishia, naye alikuja mbio, akanishika paji la uso, akanipa pole. Wote wananipa pole. Mtu akinunua gari kwa mkopo wa miaka saba anapewa hongera. Mimi nimejinunua mwenyewe, napewa pole. Nimekataa kuitikia nimeshapoa.

Halafu na wewe ukaleta shauri lako: niseme naacha kazi ili nimuuguze Mama, watu wataelewa. Nilimsomea Mama. Kasema siku ukija atakuonyesha nani anamuuguza nani. Sitasema uongo huo. Watu wanataka niwe na sababu ya kuhurumiwa ndipo waniruhusu kupumzika, na sababu ya hivyo sina. Nataka asubuhi zangu. Nataka kuamka jua limeshatoka, na kiuno kisichouma kabla ya chai.

Umenikumbusha kiinua mgongo, kwamba nikivumilia miaka kumi na mitano mingine nitakipata kizima. Kaka, Baba alikipata kizima. Alikipata Juni, tukakimalizia kwenye msiba wake Oktoba. Tulikuwepo wote wawili. Kiinua mgongo wanakupa mgongo ukishapinda, na mimi wangu bado unanyooka. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini wakati ule, nikajiapia kwamba mimi sitakisubiri, na sikumwambia mtu.

Unauliza nimewezaje kwa mshahara wa kufua. Kwa kuishi kama mtu anayepata nusu yake. Siku ya mshahara, kabla sijanunua hata chumvi, hela ilitangulia kwenye chama cha akiba na mikopo cha pale kazini. Wenzangu walikopa huko wanunue televisheni. Mimi nilikopa mara moja, nikajenga vyumba viwili vya kupangisha uani. Kodi ya vyumba nikainunulia hatifungani za serikali, na riba yake inakuja kila miezi sita bila mimi kugusa shuka. Gawio la chama sikulila, nililirudisha huko huko. Haikuwa akili nyingi. Ilikuwa miaka kumi na tisa ya kubeba chakula kwenye kopo na kuchekwa. Kuna mwaka wapangaji wote wawili walihama mwezi mmoja, nikashindia chai kavu wiki nzima na kopo langu nikalibeba vile vile, tupu, wasijue.

Hapa inabidi nikiri jambo. Yale makochi uliyonitumia hela mwaka ule, hayapo. Hayajawahi kuwepo. Uliyoyaona kwenye picha ni ya jirani, ndiyo maana Mama amekaa pembeni kama mgeni. Hela nilinunulia vipande vya mfuko wa uwekezaji. Ni vyako, sijavigusa, na vimeshazaa makochi mengine matatu. Kwa kukudanganya naomba unisamehe. Kwa kutonunua makochi siombi msamaha, na wageni wetu wanakaa kwenye benchi na wanaondoka mapema.

Sasa hili la leo. Msimamizi wangu ni mtu mwema. Barua yangu hakuigonga muhuri. Aliiweka kwenye droo, akanipa mpaka leo saa nne niichukue, yaishe kimya kimya. Wewe umenisihi niichukue. Shangazi jana alipiga simu mara tatu. Na mimi, sikufichi, niliogopa. Hatifungani haimwambii mtu habari za asubuhi. Dawa zikipanda bei, hakuna wa kumwomba nyongeza. Nilivaa viatu leo bila kujua nitarudi nikiwa nani.

Nikaingia ofisini. Barua ilikuwa mezani, imeshageuziwa upande wangu. Akaniuliza kama jambo hili nimelifikiria vizuri. Nikamwambia nimelifikiria miaka kumi na tisa. Barua hakuigusa. Basi nikanyoosha mkono, nikauchukua muhuri wake kando ya kalamu, nikamkabidhi mkononi. Akagonga.

Siku yangu ya mwisho ni tarehe thelathini na moja. Msalimie sana wifi na watoto. Waambie kuanzia tarehe mosi, wakimpigia shangazi yao kabla ya saa tatu asubuhi, hapokei. Mama anakusalimu, na shangazi yetu anakusalimu pia, bado ananipima joto kila akija. Mungu akulinde huko uliko, Kaka, akupe kazi inayokwisha kabla yako.

Ni mimi akupendaye, mzima wa afya,

Mdogo wako.