Mtani Wangu Ameniita Dada

Jumapili, Kibiti. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Cherehani nimeifunika kanga, sijashona hata pindo moja. Leo nina aibu, na aibu yenyewe haina pa kujificha kwa sababu niliiandika mwenyewe, humu humu.

Wanaonisoma wanaijua kazi ya ukurasa huu. Mimi ni fundi cherehani ninayependa filamu za kungfu kuliko tamthilia za mapenzi. Nazitazama, kisha naja kuzichambua. Nasema kama mwalimu mzee anafundisha kweli au anapiga kelele tu, kama maadui wanamvamia shujaa au wanasubiri zamu kama wagonjwa zahanati. Wasomaji walikuwa wachache. Nilikuwa nikisema nimeridhika nao, na nilikuwa najidanganya.

Wiki iliyopita nilichambua filamu ya binti anayelipiza kisasi cha baba yake kwa fimbo ya mwanzi. Niliitazama Ikwiriri, kwenye banda la video la Mshamu, mtoto wa shangazi yangu. Mshamu ndiye mwenye banda na ndiye anayeshika maiki kuwatafsiria watu, maana filamu zinakuja na Kichina chake. Kichina chenyewe hakijui. Anatazama sura za wale watu na kutunga. Binti akifika mtoni, Mshamu anasema amefika Ndundu na kivuko kimeharibika, kana kwamba daraja halijajengwa. Akitokea mzee amebeba gunia, huyo katoka Mbwara kuuza ufuta. Watu wanavunjika mbavu.

Mshamu ana kigugumizi tangu utoto. Akishika maiki kinamwachia, au karibu kinamwachia.

Basi nikaandika kwamba filamu ni nzuri, ila kigugumizi kikimrudia msimuliaji, binti anamaliza kuua kijiji kizima na yeye bado yuko kwenye "pi" ya "piga". Nikaandika kwamba ana sauti ya mbuzi aliyesahaulika mvuani. Nikamtaja jina, na banda nikalitaja.

Kwangu ulikuwa utani. Kwetu watoto wa kaka na watoto wa dada ni watani, na utani wetu hauna adabu. Mshamu ananiita "mke wangu" tangu tukiwa wadogo, mimi namwita mume suruali. Kigugumizi chake nimekicheka miaka yote mbele yake, naye amecheka makalio yangu mbele ya wakwe zangu. Alipofariki baba, Mshamu ndiye aliyevaa koti la marehemu na kutembea uani anachechemea kama yeye, akidai chai yake imepoa. Mama, ambaye tulikuwa tunamwogopea, alicheka machozi yakimtoka, kisha akala. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angethubutu kufanya vile, na hakuna mwingine ambaye tungemruhusu.

Lakini ninyi mnaosoma hapa si watani wake.

Hilo sikulifikiria. Kwa siku chache ukurasa ulijaa wageni kuliko wakati wowote, wakiandika "pi-pi-pi" na kucheka. Wengine wakajirekodi sauti wakimwigiza, zikasambaa kwenye magrupu ya simu. Niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza: nilifurahi. Mmoja alipouliza kama huyo mtu yupo kweli, nilimjibu mbio kwamba yupo, aende Ikwiriri akamsikie.

Wakaenda. Vijana wasiomjua walikaa mbele ya banda, na kila Mshamu alipofungua mdomo wakamdakia neno kabla hajalimaliza. Kigugumizi kikamrudia pale pale, maiki mkononi.

Haya nimeyasikia kwa shangazi, aliyenipigia simu jana. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mwenzio amekukosea nini?" Nikasema hajanikosea, shangazi, ulikuwa utani. Akasema, "Mbona na watu baki wamo? Maiki kaitundika. Hata nyumbani hasemi, anaonesha kwa mkono."

Leo baada ya adhuhuri nimekwenda. Nilibeba bakuli la vitumbua, na njia nzima nilikuwa najiandaa kutukanwa. Banda lilikuwa na watu wachache. Filamu inakwenda kwa Kichina kitupu, watu wanarushiana mateke na hakuna anayecheka. Maiki ilikuwa kwenye msumari, imeviringishwa kitambaa. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa huyu analilia nini, Mshamu?" Mshamu akatabasamu, asijibu. Yule mzee akasubiri kidogo, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Siku zote nikifika hapo ananifukuza kwa maneno mpaka wateja wanageuka. Leo alinyanyuka, akanifutia kiti cha plastiki kwa shati lake, akaniambia, "Karibu, dada."

Dada.

Nikampa bakuli. Mshamu ninayemjua mimi angelinyakua, angesema vitumbua vigumu, angekula vyote akiwa bado anavisema. Alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, dada. Mama atavifurahia."

Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nikamtukana. Nikamwambia ana sura ya gunzi lililobaki shambani, na kwamba mume gani huyu anayeuacha ukumbi umepoa kama uji wa jana. Nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, nikisubiri anirudishie. Alinitazama kwa upole. Midomo ilihangaika na neno, likachelewa, nikajikuta naangalia chini.

"Ni kweli, dada," akasema.

Afadhali angenipiga.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka filamu ikaisha, kama mgeni wa heshima. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Alinisindikiza hadi barabarani na kunisimamishia gari. Mtani hasindikizwi hivyo. Wanasindikizwa wakwe, na watu usiotaka warudi.

Katika filamu hizi daima yupo mwanafunzi anayeichukua mitindo ya nyumbani kwao na kwenda kujionesha sokoni apigiwe makofi. Mwalimu wake humfungia mlango. Nimeandika mara ngapi kwamba anastahili?

Ule uchambuzi nimeufuta. Sauti zilizosambaa siwezi kuzifuta. Mwenye nazo namwomba asizirushe tena, na mliotoka kwenda kumcheka kwa sababu yangu, lawama nibebesheni mimi. Ila msinitetee wala msinifariji hapo chini, maoni hayo nitayafuta.

Nimekuwa nikijiuliza jioni hii nimpelekee nini. Nilifikiria kumshonea shati, nikaona atalipokea kwa mikono miwili, aseme ahsante dada, na mimi nitakufa.

Kesho nitarudi Ikwiriri mikono mitupu. Sitabeba hata karanga. Nitaingia bila hodi, nikae kwenye kiti chake mwenyewe, niulize chakula kiko wapi. Na keshokutwa vilevile. Mke gani anakwenda kwa mumewe mikono mitupu? Hilo atashindwa kulinyamazia. Atalianza tusi lake, litamkwama, na mimi nitakaa kimya nimngoje mpaka alimalize.