Mstari wa Upande wa Kushoto

Ghorofa ya pili, mlango wa bluu,
Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo umepoa, na kifua cha Mama Mdogo kimeacha kumsumbua. Huku tunaendelea. Kibogoyo wangu jina limeanza kumkataa, ana meno manne sasa na ananing'ata kila akinyonya. Mume wangu yuko safarini na lori, atarudi wiki ijayo. Mimi ni mzima, ila usingizi nimeusahau unafananaje.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu Baba haachi kukaa karibu nami, na maneno haya siwezi kuyasema akinisikia. Tena kwenye simu ningelia, wewe ungeniambia ninyamaze, tungekata bila kusema kitu.

Ujumbe wako Mama Mdogo amenifikishia: kwamba ile mashine ya kufulia inayovuja niiuze kwa watu wa vyuma chakavu, na vifaa vya Baba nivifungie kabatini asije akajiumiza. Najua umesema kwa kunihurumia. Lakini sitafanya hivyo, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mashine tuliinunua mtumba, mimi na yeye, kwa sababu nepi zilikuwa zimenimaliza vidole. Kwa muuzaji zilikuwepo nyingine zenye afya kidogo, lakini Baba alikwenda moja kwa moja kwenye kuukuu kuliko zote, yenye mlango wa duara na swichi za kuzungusha, aina ile mliyokuwa mkiitengeneza karakanani. Akaigonga ubavuni, akatega sikio. "Hii haijafa," akasema, "imechoka tu. Kama wewe." Nikacheka, tukaichukua.

Siku ya kwanza tu ikavuja. Maji yalishuka mpaka kwa jirani wa chini, naye akapanda ngazi ameshika mwavuli uliofunguliwa. "Mama Kibogoyo," akaniambia, "kama mmechimba kisima si mngesema tuje na ndoo?" Nilitamani sakafu inimeze. Baba yeye alifurahi. Tangu Mama atutoke sijamwona akifurahi vile. Akaivuta kutoka ukutani, akafungua bati la nyuma, akakuta kile kibano kinachokaza mpira wa kutolea maji kimeliwa na kutu. Akaweka kingine. Nikafua mara tatu bila tone.

Halafu ikavuja tena. Akafungua tena. Ikawa hivyo wiki tatu, leo iko sawa, kesho inavuja. Nilidhani mpira umepasuka, nikadhani ni pampu, nikamsema muuzaji vibaya mbele za watu. Mpaka juzi juzi, Baba amelala mchana na mtoto kifuani, nikalifungua lile bati mwenyewe. Baba Mdogo, mashine haikuwa na tatizo lolote. Ila ndani ya bati kulikuwa na mistari kumi na moja, imechorwa kwa msumari, yote upande wa kulia.

Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Aliyetengeneza anachora kulia, aliyekagua anachora kushoto, na mashine haitoki karakanani mpaka iwe na mistari yote miwili. Yeye alikuwa wa kulia na wewe wa kushoto, miaka yote ile. Kumbe alikuwa akifungua, anakuta kushoto patupu, anaona kazi bado, anaanza upya. Analegeza kibano kizima, anakirudisha, na mikono siku hizi haikazi kama zamani. Maji yalikuwa yakitokea hapo.

Sasa nikwambie nililomficha Mama Mdogo. Nilimpeleka kwa daktari mwezi uliopita. Amesema kumbukumbu ya Baba inaondoka, na ikishaondoka hairudi. Nilitaka kwanza nizoee mwenyewe ndipo niwaambie. Sijazoea.

Akiwa nyuma ya mashine hunyoosha mkono wa kushoto bila kugeuka, akingoja bisibisi, vile ulivyokuwa ukimpa. Mkono unakaa hewani. Ananiuliza, "Mwenzangu amekwenda wapi?" Namwambia umekwenda kununua skrubu, unakuja. "Anachelewa sana huyu," anasema, "utafikiri anazichonga mwenyewe." Anacheka peke yake, anaendelea.

Nilijaribu kumaliza jambo kwa ujanja. Nikachukua msumari, nikachora mstari kushoto. Kesho yake akalifungua bati, akausugua ule mstari kwa kidole gumba, akaniangalia kwa huruma kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Huu si mkono wake. Yeye anaanzia chini, anapandisha, na juu anaweka kikia." Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Kwa hiyo nimeweka beseni chini ya mashine, nayo inavuja, basi. Jirani nimemweleza. Siku hizi akiona maji hapandi na mwavuli, anapanda na tambara la kudekia, tunakausha pamoja wala haulizi kitu. Vifaa sivifungii. Nikimnyang'anya bisibisi, atabaki akifanya nini kutwa nzima?

Lililonifanya niandike leo ni la jana. Alikaa nyuma ya mashine asubuhi, akanyoosha mkono ule ule. Nikasubiri aulize ulikokwenda, jibu langu nimeshaliandaa. Akanigeukia, akasema, "Hivi tunamsubiri nani?"

Nilimtajia jina lako. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeambiwa habari za mgeni.

Baba Mdogo, kilichowatenganisha mlipofunga karakana sikijui na sikiulizi. Yeye hakikumbuki tena. Umebaki nacho wewe peke yako, na mimi mwanao nakuomba ukiweke chini, upande basi la kwanza utakaloliona. Usilete kitu. Usitutumie mashine mpya. Njoo usimame kushoto kwake, umpe bisibisi, ukague ile kazi, uchore mstari wako wakati bado anaujua mkono wako. Huenda uso wako usimwingie mara moja. Kile kikia naamini kitamwingia, ila siwezi kukuahidi mpaka lini.

Nimeshamwambia mara nyingi kwamba unakuja. Usinifanye mwongo mbele ya baba yangu.

Nisalimie sana Mama Mdogo, mwambie anisamehe kwa kumficha. Wasalimie wadogo zangu wote, na yule kitinda mimba mwambie dada yake anamdai picha. Kibogoyo anakuita babu bila kukujua, kwa kuwa kila mwanamume mwenye mvi kwake ni babu. Mungu akulinde njiani, akufikishe kabla hatujachelewa sisi na Baba.

Msumari ameuacha juu ya mashine. Sijauondoa.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Binti wa kaka yako,
Mama Kibogoyo.