Gita Langu Limefifia

Jumanne, 5 Agosti

Nimebadilisha nyuzi tena. Seti ya tatu ndani ya mwezi. Nyembamba, kama kawaida. Nimefuta shingo, nimepima kimo cha nyuzi juu ya vichuma vya shingo kwa sarafu ya mia mbili, kwenye freti ya kumi na mbili. Imepita kwa kubana kidogo, ndivyo ninavyotaka. Swichi nafasi ya pili kutoka nyuma, toni nimeachia yote. Hapo ndipo gita hili hulia. Miaka kumi sasa mtu akipita barabarani hapa Mlowo anajua ni mimi niliyemo kanisani, hata kama hajaniona.

Leo halilii. Linasikika kama limefunikwa blanketi. Nyuzi za siku hizi feki tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Tarehe 31 tunarekodi, tumejichanga tangu msimu wa kahawa wa mwaka jana. Nyimbo nane, sita zinafunguliwa na solo langu. Mwalimu Zakayo, kiongozi wetu, amenisimamisha mara mbili nipunguze ukali. Ukali gani? Mimi nahangaika kuutafuta huo ukali, yeye anasema umezidi. Mama Anna wa sauti ya kwanza amehama mbele ya spika yangu, kaenda kusimama na wanaume.

Hawa wana lao jambo. Kinanda hakisemwi hata siku moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelifungua lote kitandani. Rangi yake ya damu ya mzee imeanza kubanduka pale mkono wangu unapolala. Vumbi la Agosti limeingia kila mahali, nimelitoa kwa mswaki wa zamani. Zile sumaku tatu chini ya nyuzi, zinazodaka sauti, nimezipandisha hadi zikakaribia kugusa. Nimechomea upya waya mmoja. Mke wangu amekuta tundu la moto kwenye shuka. Ameligeuza shuka, tundu likaenda miguuni.

Bado blanketi.

Jumatatu, 11 Agosti

Tunduma. Malori yamejipanga hadi nje ya mji, nimeshuka nikatembea. Fundi Mulenga ni Mzambia, ana kibanda upande wetu, mita chache kutoka mpaka. Hakuna anayemfikia kwa magita. Amelichomeka, amelipiga taratibu, amefumba macho. Kisha akaniambia kwa heshima ya kwao, “Mukwai, hili gita ni zima kabisa. Ukilifungua tena utaliumiza.”

Nikamwambia hasikii vizuri. Nimemwambia hivyo, mtu mzima, mbele ya wateja wake.

Alikuwa na sumaku kali, alizitoa kwenye gita bovu. Nikataka hizo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu gita ni langu, mimi ndiye ninayelijua. Zile za zamani nimemwachia kama nyongeza ya malipo. Nimerudi jioni na gita lenye sauti kali kidogo. Kidogo tu. Nimejilazimisha kufurahi.

Jumapili, 17 Agosti

Aibu. Wimbo wa pili tu, watoto wa mbele wakaziba masikio kwa viganja. Nikadhani wanacheza. Mwalimu Zakayo akashuka pale anaposimama, akaja hadi kwenye spika yangu na kuchomoa waya. Katikati ya ibada. Kwaya ikaendelea bila mimi. Nilisimama na gita shingoni kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine, mpaka baraka ya mwisho.

Namchukia Zakayo. Naandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 20 Agosti

Sikwenda mazoezini. Nilikaa kitandani tangu asubuhi nikipiga bila umeme, mlango wazi. Saa tano mke wangu, Mama Lusekelo, akarudi kutoka kuanika kahawa, akasimama mlangoni, akaniangalia. Akainama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa kifaranga.

“Baba Lusekelo, hiki kinalia hapa tangu nilipotoka. Mimi nimekisikia kutoka uani.”

Nikacheka. Kifaranga kilikuwa kinafungua mdomo na kufunga kiganjani mwake. Nikakisogeza sikioni. Kinafungua, kinafunga. Kimya.

Nikaacha kucheka. Yeye alikuwa anajua. Ameniambia ni zaidi ya mwaka sasa hata simu naiacha ilie, na aliogopa kunitamkia kwa sababu ya gita.

Ijumaa, 22 Agosti

Mbeya, hospitali. Wamenivalisha spika za masikioni na kunipa kitufe: nikisikia, nibonyeze. Nilikaa muda mrefu bila kusikia chochote. Nikamwambia daktari mashine yake imezima. Akatikisa kichwa. Ni binti mdogo, ana upole.

Akaniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikamwambia karasha, machimboni Mbangala, miaka minne nikisimamia mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu. Mngurumo mchana kutwa. Waliojiziba masikio kwa pamba tuliwaita mabibi harusi. Mimi ndiye niliyeanzisha jina hilo, na kila mtu alicheka. Hela ya karasha ndiyo iliyonunua gita.

“Kaka, sauti za chini utaendelea kuzisikia. Hizo za juu hazirudi.”

Kuna vifaa vya kuvaa. Vitanisaidia kwenye maongezi. Nilipomuuliza kuhusu gita alitazama karatasi zake.

Gita halikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa ni mimi. Na nimelikata matumbo bure.

Jumatatu, 25 Agosti

Tunduma tena, kuzifuata sumaku zangu. Nimeanza kwa kumwomba fundi Mulenga msamaha. Ameupokea, amenipa na kigoda nikae. Sumaku hana. Alimuuzia dereva wa lori aliyekuwa anashuka Lusaka. Hajui jina lake wala hana namba yake.

Hata angekuwa nazo, nisingeweza kujua kama ni zenyewe. Nimelia pale kibandani. Mulenga aliendelea kusafisha redio ya mtu, asinitazame, na nilimshukuru kwa hilo.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Zakayo nyumbani kwake. Nimemwambia yote, hata kwamba nilimchukia. Hakunitoa kwenye kwaya. Amesema vitufe vya sauti na toni atavishika yeye, mimi nipige tu. Nimekubali. Imeniuma kukubali.

Jumapili, 31 Agosti

Tumerekodi. Zakayo alipunguza toni, akapunguza tena, nikapiga kwa mazoea ya vidole. Zile nyimbo sita za solo, hakuna niliporudia.

Kisha tukakaa wote kusikiliza. Besi niliisikia, na ngoma. Solo langu lilikuwa kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Basi nikamtazama Mama Lusekelo, aliyekuja kutuletea chai. Gita hilo amelisikia ndani ya nyumba yake miaka kumi. Wimbo ulipofunguka aliinua kichwa haraka, akawa kama anamtafuta mpigaji mwingine. Kisha akainamisha macho kwenye birika.

Njiani nikamuuliza limesikikaje.

“Ni lilelile, Baba Lusekelo.”

Nikamwambia asante. Tulipofika nimelegeza nyuzi zote sita, nimelifuta, nimelilaza kwenye mfuko wake. Yeye alikuwa anachambua mchele. Nikakaa, tukachambua wote.